Bundi Mwenye Uzito wa Yai

Pwani ya Kenya, bundi akilia juu ya paa, wenye nyumba hukesha. Ni uchuro, husema wazee, na jina lake jingine, babewatoto, limebeba hofu hiyohiyo. Lakini katika msitu wa Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi, mwenye sababu ya kuogopa ni bundi mwenyewe.

Bundi wa Sokoke ni mdogo mno. Urefu wake ni sentimita 16 hadi 18, na uzito wake gramu 50 hivi, kama yai la kuku. Wengine ni wa kijivu, wengine kahawia, wengine wekundu kama kutu. Mchana hulala kichakani, mara nyingi dume na jike bega kwa bega. Usiku huwinda wadudu. Wanasayansi walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1966. Mbali na Sokoke na maeneo jirani, anajulikana pia chini ya milima ya Usambara Mashariki, Tanzania.

Msitu wenyewe una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, lakini si wote unaomfaa. Penye mchanga mweupe huota miti ya mirihi, naye huko hakai. Makao yake ni kwenye udongo mwekundu, chini ya miti ya mifunda iliyosongamana. Kwa hiyo hata mahali penye miti tele, yeye anaweza kukosa pa kuishi.

Tena kuna suala la kuzaa. Bundi wa jamii yake hawasuki viota. Hutaga ndani ya mashimo ya miti, na shimo la kutosha bundi halipatikani kwenye mche. Huhitaji mti mkongwe. Hapo ndipo msumeno unapoumiza zaidi. Mkata miti haramu hafyeki msitu mzima: huchagua. Kwa miaka mingi aliuwania muhuhu, mti mgumu unaopendwa na wachonga vinyago. Ukiutazama msitu kutoka angani utauona kijani vilevile, kumbe wakongwe wake wameshaondoka mmojammoja.

Anayeingia msituni na panga mara nyingi ana njaa au karo ya mtoto kichwani. Kumhubiria uzuri wa ndege hakujazi sufuria. Ndiyo maana mwaka 1993 mradi wa Kipepeo ulianzishwa Gede. Mkulima huweka vipepeo majike kwenye kizimba, hukusanya mayai yao, kisha huwalisha viwavi majani ya miti wanayoipenda. Viwavi wakishageuka pupa, yaani wakiwa wamejifunga kwenye ganda lao, huuzwa na kusafirishwa hadi Ulaya, ambako huanguliwa katika nyumba za maonyesho. Vipepeo wazazi na majani hayo asili yao ni msituni. Msitu ukifa, biashara nayo imekufa.

Shirika la A Rocha Kenya nalo lilipita njia ya karo. Katika mpango wake wa ASSETS, fedha za utalii, zikiwemo za watalii wanaotembea kwenye daraja la kamba katika mikoko ya Mida, hulipia masomo ya sekondari ya watoto wa vijiji vinavyopakana na msitu. Kisha Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ikawapa wanavijiji nafasi ya kuunda vyama na kushiriki kusimamia msitu pamoja na serikali.

Kwa hiyo bundi huyu analindwa na mkulima anayechuma majani na mzazi aliyelipiwa karo, pengine bila hata kumwona. Nawe mnunuzi unayo sehemu yako. Ukishika kinyago sokoni, uliza kimechongwa kwa mti gani. Mwarobaini na mwembe hupandwa, hukua upesi, na huchongeka vizuri. Ukiambiwa ni muhuhu, kirudishe mezani: huenda lile gogo lilikuwa nyumba ya mtu mdogo wa gramu 50.