Sufuria Iliyotoboka

Sufuria inapotoboka, tuifanyeje? Wengi wetu hapa Likasi humwita mnunuzi wa vyuma vikuukuu apitaye mitaani, naye huipima, hutoa fedha kidogo, akaenda zake. Huko iendako huyeyushwa na kumiminwa katika kalibu ya mchanga, ikawa sufuria mpya. Jambo hilo si baya. Kuyeyusha alumini ya zamani hutumia kama sehemu 5 tu katika 100 za nguvu zinazohitajiwa kuitoa alumini mpya katika mawe yake.

Walakini kuyeyusha nako ni kazi ya moto. Alumini haiyeyuki kabla ya digrii 660, na moto wa mafundi wengi ni makala, ndiyo miti ya pori letu. Sisi wa mji huu twajua gharama ya kugeuza madini: ili shaba isafishwe kwa umeme kule Shituru, kazi iliyoanza mwaka 1929, ilibidi maji ya Lufira yafungwe pale Mwadingusha. Kiraka chataka nyundo, kipande cha alumini na msumari mfupi.

Tena kuna jambo zito zaidi, nalo ndilo lililotushikisha kalamu. Katika tanuri la fundi huweza kutupwa kila kitu, makopo, vipande vya injini, hata redieta, wala hakuna ajuaye kilichochanganyika humo. Mwaka 2014 wataalamu walitangaza habari za sufuria za namna hiyo zilizotengenezwa Kameruni. Walichemsha ndani yake maji yenye uchachu kama wa siki, wakaona risasi ikitoka katika chombo. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, nayo haijulikani kwa harufu. Fikirini basi mchuzi wa nyanya unaotokota saa nzima.

Kwa hiyo tengenezeni kwanza. Nyumbani kwetu bukari hupikwa katika sufuria ya kiwandani yenye viraka viwili; wageni huicheka, kisha hula. Ila fundi asizibe tundu kwa risasi, tusije tukarudi palepale. Ikichakaa kabisa, kuku wanyweshewe humo, au ipandwe vitunguu. Hapo ndipo aitwe mnunuzi, mkiona vema.

Chupa nayo ni vivyo hivyo. Ile ya bia irudipo kiwandani huoshwa na kujazwa tena, bali kioo kikiyeyushwa chataka moto wa digrii 1500 hivi. Mama auzaye mafuta ya mawese kwa chupa ameyafahamu hayo bila darasa.

Lakini si kila chombo hurudiwa. Katika mji wa migodi huonekana bidoni za rahisi zilizokuwa na asidi au dawa za viwandani. Muulizeni mwuzaji ilibeba nini. Akisitasita, iacheni. Bidoni hiyo haifai maji ya kunywa, wala mafuta, hata ikioshwa mara saba.