Mtoto Asiitwe Mwizi

Mtoto akidokoa fedha mkobani, wengi wetu humwita mwizi mbele ya majirani. Sisi tulio wauguzi tumewafunga vidonda vijana walioanza hivyo, wakaishia mikononi mwa umati wenye hasira.

Mwaka 1963 mwanasosholojia wa Marekani, Howard Becker, alieleza kwamba mtu akishabandikwa jina la mhalifu, hunyimwa kazi halali na marafiki wema, mwisho akaishi kama jina lake. Mwaka 1969 mwenzake, Travis Hirschi, aliuliza: kwa nini wengi hawavunji sheria? Akataja kamba nne zinazowazuia: mapenzi kwa wazazi na walimu, malengo ya maisha, shughuli za kufanya, na kuamini kuwa sheria yastahili kutiiwa. Mzazi hawezi kumfuata mtoto kila mahali, lakini mtoto aliyeshikamana naye humkumbuka anapojaribiwa.

Basi tumwonye faraghani. Arudishe fedha na aombe radhi. Kisha jioni tule naye, tumwulize alikuwa wapi na nani. Kamba hiyo tusiikate kwa ndimi zetu wenyewe.