Ukianguka na Baiskeli, Usitangulize Mkono

Ukimwambia mtu kwamba yafaa ajifunze kuanguka, atacheka. Atasema kuanguka hakuhitaji mwalimu. Ni kweli, kuanguka kila mtu anajua. Lakini kuanguka bila kuvunjika ni jambo lingine, nalo hujifunzwa.

Hapa kwetu Katavi baiskeli ndiyo gari letu. Inapeleka mahindi mashineni, inaleta maji, inambeba mgonjwa mpaka zahanati. Kiangazi njia zimejaa mchanga. Masika ni utelezi mtupu. Na barabara ya lami kati ya Mpanda na Sitalike imewapa wenye malori nafasi ya kukimbia. Hata mwendeshaji hodari iko siku ataanguka.

Mtu akianguka hunyosha mkono ili ajizuie. Hufanya hivyo bila kufikiri, na hapo ndipo anapoumia. Uzito wote wa mwili, pamoja na mwendo wa baiskeli, hushukia kiganja. Mifupa iliyo karibu na kiganja huvunjika. Isipovunjika hiyo, nguvu hupanda mpaka begani na kuvunja mtulinga, yaani ule mfupa ulio kati ya bega na shingo. Mkono uliovunjika hufungwa plasta kwa wiki 6 hivi. Sasa fikiri, kama ni Novemba au Desemba, wakati wa kulima na kupanda, jembe atashika nani?

Basi tufanyeje? Baiskeli ikianza kulala upande, mikono ibaki imeshika usukani. Kunja viwiko. Kidevu kiguse kifua, kichwa kisipige chini. Usijikaze kama mti, legeza mwili. Acha paja, tako na bega vifike chini pamoja. Pigo likigawanyika mahali papana, hakuna mfupa mmoja unaolibeba lote. Utachubuka, ndiyo, lakini mchubuko hupona upesi.

Ukirushwa mbele juu ya usukani, uachie. Kunja mikono karibu na kifua, inamisha kichwa, utue kwa nyuma ya bega, kisha ubingirike kama gogo. Usishindane na mwendo, uache uishe wenyewe.

Ukiwa na gunia kwenye keria, mambo ni mengine. Wengi huumia kwa sababu wanataka kuokoa mzigo. Gunia limekwisha kukushinda, iachie baiskeli na ujitenge nayo. Mahindi yakimwagika yanazoleka. Na kwenye lami, ukiona unayumba, elekea kushoto kwenye majani mapema. Kulia kuna magari.

Mambo haya hayaji kwa kusoma tu. Tafuta mahali penye nyasi, pasipo na visiki wala mawe. Anza bila baiskeli. Chuchumaa, kunja mikono, bingirika kwa bega la kushoto, halafu la kulia. Rudia siku kadhaa mpaka mwili uzoee. Wachezaji wa judo, ile mieleka ya Kijapani, hufundishwa kuanguka kabla ya kufundishwa kuangusha wenzao. Wazee na mama wajawazito wasijaribu mazoezi haya. Na mwenye kofia ngumu aivae, kwani hakuna ufundi wa kuanguka unaolinda kichwa kama kofia.

Baada ya kuanguka usiinuke haraka. Jisikilize kwanza. Kidonda kioshe kwa maji safi na sabuni, halafu nenda zahanati uulize kuhusu sindano ya pepopunda. Aliyepigwa kichwa akitapika, akisinzia ovyo, au akitoka damu masikioni, apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku. Vilevile mtu aliyechomwa tumboni na ncha ya usukani. Nje haonyeshi jeraha, lakini ndani bandama au ini huweza kupasuka na kuvuja damu. Tumbo likizidi kumuuma asiambiwe apumzike nyumbani mpaka asubuhi.