Kuteleza si Kuanguka? Skuta, Mvua na Miteremko Yetu



Wahenga walinena kwamba kuteleza si kuanguka. Nawaheshimu sana wahenga, lakini nadhani aliyetunga methali hiyo alikuwa akienda kwa miguu. Mtu wa miguu akiteleza, mguu mmoja ukienda ule mwingine humwokoa. Aliye juu ya magurudumu yeye hana mguu wa akiba. Nimeamua kuandika juu ya skuta wakati wa mvua kwa sababu jambo hili latugusa. Mdogo wangu wa Gredi ya Sita ana skuta ya mbao aliyojitengenezea, na wenzake jirani wanazo. Mashindano yao ni kuteremka kilima baina ya mashamba ya chai hadi mtoni, mvua iwe mvua, jua liwe jua.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Skuta ina ubao wa kusimamia, magurudumu mawili na usukani. Isiyo na usukani, yenye magurudumu manne, ndiyo sketibodi. Viatu vya magurudumu wengine huviita sketi, lakini mvulana akimwambia mamake ati anataka sketi, sijui atajibiwa nini!

Msidhani skuta ni mchezo wa watoto tu. Kule Goma, mashariki mwa Kongo, ambako watu huongea Kiswahili kama sisi, kuna skuta kubwa ya mbao iitwayo chukudu. Hubeba makaa, viazi na magunia ya mamia ya kilo, na magurudumu yake ya mbao huvikwa mpira wa tairi kuukuu. Watu wa Goma wanaithamini hata wakaijengea sanamu mjini. Basi aliyebuni skuta ya mbao si mjinga. Swali ni kuhusu mvua.

Na mvua kwetu si mgeni. Asubuhi jua huwaka, ardhi hupata joto. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda nyanda zetu za juu, hupoa, na alasiri mvua hunyesha, mara nyingine ya mawe. Chai hufurahi. Lakini sisi wa kutwa hutoka shuleni jioni, wakati ambapo mvua nayo imetoka!

Sasa hebu tuulize: mvua hufanya nini? Gurudumu husimama au kukata kona kwa sababu ya msuguano kati yake na ardhi. Maji yakiingia katikati, msuguano hupungua. Kwenye lami, dakika za kwanza za manyunyu ndizo mbaya zaidi, maana mafuta ya magari na vumbi huchanganyika na maji kidogo, ikawa kama sabuni. Kwenye barabara ya udongo wetu mwekundu, tope hujaza gurudumu mpaka likawa laini kama sahani. Majani yaliyolowa na vyuma vya daraja navyo huteleza ajabu.

Wenzangu wa Kidato cha Tatu, tupige hesabu. Tuchukue mwendo wa mita 6 kwa sekunde, yaani mwendo wa kijana anayekimbia kwa nguvu. Tuseme kiwango cha msuguano pakavu ni 0.6, palipolowa 0.3 na kwenye tope 0.15. Tukitumia 10 kwa nguvu ya uvutano, mtu akifunga breki mahali tambarare atasimama baada ya mita 3 pakavu, mita 6 palipolowa, na mita 12 kwenye tope. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali huongezeka mara nne: zile 3 huwa 12, na zile 12 huwa 48!

Hapo ni tambarare, na tambarare kwetu ni ya kutafuta kwa tochi. Mteremko ukishuka mita 1 kwa kila mita 5 za kwenda mbele, uvutano unakusukuma kwa kiasi cha 0.2, ilhali tope linakuzuia kwa 0.15 tu. Maana yake ni kwamba hata ufunge breki namna gani, husimami. Unazidi kwenda! Kwa hiyo uamuzi wa kusimama hufanywa juu ya kilima kabla ya kuanza. Huku chini ni kuomba Mungu tu.

Kuna atakayesema huo ni woga. Haya, sikilizeni. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, mashindano ya sketibodi ya mtaani ya wanaume yalipangwa kufanyika tarehe 27 Julai. Mvua ikanyesha, yakaahirishwa hadi tarehe 29. Wale ni hodari wa dunia nzima, na uwanja wao ni laini bila lori wala ng'ombe. Ikiwa wao walingoja siku mbili, wewe wa huku kwetu unaharakia nini?

Ushauri wangu ni huu. Panda skuta asubuhi, kabla ya mawingu kukusanyika. Mvua ikikukuta njiani, shuka usukume. Kusukuma si aibu, hata watu wa chukudu husukuma. Kama ni lazima uende palipolowa, jaribu breki kwanza mahali tambarare. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Kunja magoti, na usiinamishe skuta upande. Dimbwi lizunguke, kwani hujui kina chake. Ngurumo zikianza, usijifiche chini ya mkaratusi. Radi hupenda miti mirefu. Ukifika nyumbani, pangusa beringi na uzipake mafuta, maana maji huondoa grisi na kesho utakuta kutu.

La mwisho ni zito. Barabara kuu si uwanja wa michezo, hata kukiwa kukavu. Tarehe 30 Juni 2023, pale Londiani katika kaunti yetu ya Kericho, lori lilipoteza mwelekeo likawagonga watu kando ya barabara, na zaidi ya 50 wakafariki. Wengi wao walikuwa wakitafuta riziki tu. Ikiwa lori lenye breki za chuma laweza kumshinda dereva, kipande cha akala kilichopigiliwa misumari nyuma ya skuta kitafanya nini mbele yake?

Nimemwonyesha mdogo wangu hesabu hizi. Aliniuliza, "Sasa wee, kumbe siku ya mvua nifanye nini?" Nikamwambia akae jikoni atengeneze breki bora, akingoja kukauke. Nanyi wenzangu, kila mmoja ana mdogo wake nyumbani. Mwambieni leo, kabla mawingu hayajashuka. Kuteleza si kuanguka, ndiyo, lakini kwa mwenye miguu chini.