Usugu wa Bakteria kwa Wagonjwa Waliopandikizwa Ini: Neno na Maana Yake

Asili ya neno sugu ni kusugua. Kiganja cha mkulima kikisuguliwa na mpini wa jembe kila siku huwa kigumu, na huko ndiko kuota sugu. Kutokana na maana hiyo zilizaliwa nyingine: mtu sugu asiyesikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini, ugonjwa sugu usiokwisha, na baadaye usugu wa bakteria. Wizara ya Afya ya Tanzania hutumia istilahi ndefu, usugu wa vimelea dhidi ya dawa, iliyofupishwa kuwa UVIDA. Urefu wake unachosha, lakini una faida: unaonyesha bayana kwamba kilicho sugu ni kimelea. Katika mazungumzo ya kila siku husemwa tu "usugu wa dawa", na aghalabu msikilizaji huelewa kwamba ni mwili wake uliozoea dawa.

Tofauti hiyo si ya wanaisimu peke yao. Kwa mtu aliyepandikizwa ini, yaweza kuwa jambo la kufa na kupona.

Upandikizaji wa ini ulijaribiwa kwa mara ya kwanza kwa binadamu na Thomas Starzl huko Denver, Marekani, mwaka 1963, na mgonjwa hakutoka hai chumba cha upasuaji. Ilipofika mwaka 1967 ndipo walipopatikana wagonjwa wa kwanza walioishi kwa muda wa kutosha. Tangu hapo ufundi wa kisu umeendelea sana, lakini maambukizi ya bakteria yamebaki kuwa miongoni mwa sababu kuu za vifo, hasa katika miezi ya mwanzo.

Sababu zake zinatokana na ini lenyewe. Kiungo hiki hupokea damu yote itokayo matumboni, na mirija yake ya nyongo hufungukia utumbo uliojaa bakteria. Mshono wa mirija hiyo ukivuja au ukibana, nyongo hutuama na bakteria hupanda. Mshipa mkuu wa damu ukiziba, sehemu za ini hufa na kugeuka majipu. Juu ya hayo, mgonjwa hunywa takrolimusi au dawa nyingine za kupunguza kinga ya mwili ili mwili usilikatae ini la kigeni. Tena, kabla ya upasuaji amekwisha kulazwa mara nyingi kwa ajili ya ini lililosinyaa, naye amepewa viuavijasumu mara kwa mara. Bakteria dhaifu walio tumboni mwake wameuawa, na waliobaki ni wale ambao dawa hizo haziwafanyi kitu.

Hapa ndipo taswira ya kiganja cha mkulima inapopotosha. Ngozi huota sugu kwa kuzoea. Bakteria mmoja mmoja hazoei dawa. Baadhi yao tayari wana mabadiliko ya kurithi, au hupokea kutoka kwa jirani zao vipande vya jeni viitwavyo plasmidi, vyenye maelekezo ya kutengeneza vimeng'enya vya kuvunja dawa. Dawa huua wengine na kuwaachia hao uwanja.

Mfano ulio karibu na Afrika Mashariki ni wa Klebsiella pneumoniae. Mwaka 2009 watafiti walieleza kimeng'enya kipya kilichopatikana katika bakteria huyo kwa mgonjwa wa Sweden aliyekuwa ametibiwa New Delhi, nacho kikaitwa NDM kwa jina la mji huo, jambo lililowaudhi wengi nchini India. Kimeng'enya hicho huvunja hata karbapenemi, dawa zinazowekwa akiba kwa maambukizi mazito. Mwaka 2011 ilitangazwa kuwa bakteria wenye NDM wamepatikana Nairobi, katika sampuli zilizochukuliwa kati ya 2007 na 2009. Yaani walikuwa Nairobi kabla jina lao halijatungwa. Wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki na Kongo wanaohitaji ini jipya husafiri hadi India, na ni rahisi kudhani kwamba usugu ni mzigo wa msafiri tu. Sampuli za Nairobi zinakanusha dhana hiyo.

Tiba nayo ina mitego. Kolistini na jentamaisini huumiza figo, na takrolimusi pia huziumiza. Rifampisini hushusha kiwango cha takrolimusi katika damu hata mwili ukaanza kulikataa ini. Erithromaisini hukipandisha hadi kiwango cha sumu. Mchanganyiko wa seftazidimu na avibaktamu husaidia dhidi ya baadhi ya vimeng'enya, lakini haushindi NDM. Kwa hiyo kubahatisha dawa hakufai: sharti damu ioteshwe maabarani, bakteria atambuliwe, kisha dawa ichaguliwe.

Na tuchukue mgonjwa wa namna hiyo aliyerejea kwao Base ya Kamina, katika Haut-Lomami, kituo cha kijeshi kilichojengwa na Wabelgiji baada ya Vita Vikuu vya Pili. Kamina ni njia panda ya reli, kati ya Lubumbashi, Ilebo na Kalemie, na lugha nazo zimekutana hapo. Jeshi limerithi Lingala tangu enzi za Force Publique; mjini husikika Kiluba na Kiswahili cha Katanga, ambamo daktari ni munganga na hospitali ni lupitalo. Karatasi za hospitali ya India zimeandikwa kwa Kiingereza, na munganga amesomea Kifaransa. Mgonjwa akipata homa usiku, yeye au nduguye ndiye atakayelazimika kueleza.

Akisema "mwili wangu una usugu wa dawa", yamkini ataongezewa kipimo cha dawa ileile. Akisema "vijidudu vilivyo tumboni mwangu havifi kwa dawa hizi", akazitaja kwa majina, na akaongeza kwamba anakunywa takrolimusi, munganga atajua dawa za kuepuka, na kwamba damu inapaswa kuchukuliwa kabla ya sindano ya kwanza.