TUKIMALIZA SHULE, TWENDE WAPI?

Katika toleo hili nimeonelea tuzungumzie swali linalotukosesha usingizi, hasa sisi tunaoukaribia mtihani wa KCSE. Tukimaliza shule, twende wapi? Wengi wetu hujibu, "Ngoja matokeo yatoke kwanza." Jamani, tusingoje! Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwanza, tuyatazame masomo. Kila mtahiniwa wa KCSE hufanya masomo yasiyopungua saba. Kiingereza, Kiswahili na Hisabati ni ya lazima, na sayansi zisipungue mbili. Mengine huchaguliwa kabla ya Kidato cha Tatu, na hapo ndipo wengi huteleza. Mtu aacha Fizikia kwa sababu rafiki yake ameiacha, au ati kwa kuwa mwalimu ni mkali, kisha anataka kuwa mhandisi. Ataupata wapi uhandisi bila Hisabati, Fizikia na Kemia? KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo, haliangalii alama ya wastani peke yake. Hutazama pia masomo manne yanayohusiana na kozi unayoomba. Ndiyo sababu wanafunzi wawili wenye B wanaweza kuomba kozi moja, mmoja akaipata na mwenzake akaikosa. Ikiwa somo umekwisha kuliacha, usilie. Tafuta mapema kozi zinazokubali masomo uliyo nayo.

Pili, tuzijue ngazi. Aliyepata C+ na zaidi aweza kuomba shahada. C- hufungua mlango wa stashahada, na D mlango wa cheti. Hata mwenye D- au E ana nafasi katika mafunzo ya ufundi ya ngazi ya kwanza. Bila shaka, kozi nyingine hudai zaidi ya hapo. Lakini jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba ngazi hizi zimeungana. Anayeanza na umeme, useremala au ushonaji katika chuo cha kiufundi, akafaulu, anaweza kuendelea hadi cheti, kisha stashahada, na hatimaye chuo kikuu. Ni safari ndefu, ndiyo, lakini polepole ndio mwendo. Hata vyuo vyenyewe hupanda ngazi. Kenya Polytechnic ya Nairobi ilianzishwa 1961, na mwaka wa 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya. Kwa hivyo, anayemcheka mwenzake kwa kupata D hajui asemalo. Bomba likipasuka usiku, ni nani huitwa kama si fundi?

Tatu, kuna wazazi. Hapa pana kazi! Mama ataka daktari, mjomba ataka wakili, na kijana mwenyewe moyo wake uko kwenye kilimo. Wengine hukubali kimya kimya, wakasoma miaka minne kitu wasichokipenda. Wengine hugombana na mzee hadi nyumba haikaliki. Njia zote mbili hazifai. Mzazi huogopa usije ukakaa bure baada ya yeye kuuza ng'ombe kukulipia karo, na hofu hiyo haiondolewi kwa kelele. Mwendee kwa heshima, karatasi mkononi. Iandikwe jina la kozi, masomo inayotaka, miaka ya kusoma, karo, na kazi unazoweza kufanya ukihitimu. Mzazi akiona umefikiri, atakusikiliza. Nawe pia msikilize, kwani huenda ameona usichokiona.

Nne, pesa. Usihesabu karo tu. Hesabu chumba, chakula, nauli na vifaa. Bodi ya HELB, iliyoundwa 1995, hukopesha wanafunzi wa vyuo vikuu na wa vyuo vya kiufundi vilevile. Kumbuka huo ni mkopo wala si zawadi, nao utalipwa. Tena jihadharini na vyuo vya mfukoni, vile vya chumba kimoja juu ya duka na tangazo kubwa barabarani. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, hakikisha chuo cha kiufundi kimesajiliwa na mamlaka ya TVETA, na chuo kikuu kimetambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu.

Mwisho, likizo hii chukua daftari uandike kazi tatu unazozipenda. Mtafute mtu mmoja anayefanya kila kazi, umwulize anaamka saa ngapi, anachoka na nini, na alipitia njia gani. Shule zikifunguliwa, mpelekee mwalimu wa ushauri nasaha daftari hilo. Mlango wake u wazi, ila wengi wetu hupita tu kama hatuuoni.

Haya basi, kazi kwenu. Chelewa chelewa, utapata mwana si wako!