Hesabu ya Pumzi ya Mgonjwa

Miongoni mwa watu wote wanaolishwa kwa mikono ya wengine, hakuna asiyeweza kujitetea kama mgonjwa mahututi aliyelazwa usingizi wa dawa, mwenye mpira kooni unaompa pumzi na mpira mwingine puani unaompa chakula. Kwani mtoto mchanga akipungukiwa hulia, na akishiba hugeuza uso, ilhali huyu hawezi kuinena njaa yake wala kuidhihirisha shibe yake, na kiasi cha lishe kitakachoteremka tumboni mwake usiku na mchana hukatwa na mtu mwingine kwa kalamu. Akikata kwa kukisia, dhuluma yaweza kumfika mgonjwa kwa upande wowote kati ya miwili. Akipewa haba kwa siku nyingi, mwili hujila wenyewe, na misuli ya kupumulia haisazwi, hata siku ya kuachishwa mashine ikifika kifua hakina nguvu ya kuvuta hewa. Akipewa kupita kadiri, sukari hupanda katika damu, mafuta hurundikana inini, na hewa ya ukaa huzidi mpaka mapafu ambayo tayari yameelemewa yakatwishwa kazi ya kuitoa.

Ipo njia ya kupima badala ya kukisia, nayo huitwa kalorimetria isiyo ya moja kwa moja, kwa sababu joto la mwili haliguswi lenyewe, bali huhesabiwa kutokana na oksijeni iliyotumika na hewa ya ukaa iliyotolewa. Asili yake ni Paris, katika majira ya baridi ya 1782 na 1783, ambapo Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walimtia simbilisi ndani ya chombo kilichozungushiwa barafu, wakapima maji yaliyochuruzika kwa joto la mwili wake, kisha wakayalinganisha na barafu ambayo ingeyeyushwa na makaa yenye kutoa hewa ya ukaa kiasi kile kile. Hesabu mbili hizo hazikulingana barabara, lakini zilikaribiana vya kutosha kuwapa ithibati kwamba kupumua ni namna ya kuungua kwa taratibu. Karne moja baadaye huko Middletown, jimbo la Connecticut nchini Marekani, Wilbur Atwater na Edward Rosa walijenga chumba kidogo ambamo mtu aliishi siku kadhaa, akila chakula kilichopimwa na kulala humo humo, huku maji yapitayo katika mabomba yakilichukua joto lake. Na joto lililopimwa kwa maji likawafikiana na lile lililohesabiwa, tofauti ikiwa chini ya 1 katika 100. Tangu hapo haikuwa lazima tena kumfungia mtu chumbani. Pumzi yake ilitosha kuwa shahidi.

Mwaka 1919 James Arthur Harris na Francis Benedict walitangaza mlingano wa kukadiria nishati ya mtu aliyetulia kwa uzito, kimo, umri na jinsia yake, uliotokana na vipimo vya wanaume 136 na wanawake 103, na mlingano huo ungali ukitumika. Siubezi, maana ni kazi ya uaminifu mkubwa. Ila watu wale walikuwa wazima wa afya, nao waliokuja kuhesabiwa kwa kipimo chao ni wagonjwa. David Cuthbertson wa Glasgow, aliyewachunguza watu waliovunjika mifupa, aliona kwamba baada ya jeraha matumizi ya mwili hushuka kwanza, kisha hupanda, naye akaziita hali hizo kupwa na kujaa. Aliyeungua moto vibaya aweza kukaribia kutumia maradufu ya kawaida yake, na homa huongeza takriban asilimia 10 kwa kila digrii moja, ilhali aliyelazwa kwa dawa nzito hushuka. Wagonjwa wawili wenye uzito na umri sawa, vitanda vyao vikipakana, waweza kutofautiana kwa mamia ya kilokalori, na mlingano usijue.

Kitandani, kazi yenyewe hutaka subira. Anayepumua mwenyewe hufunikwa kichwa kwa kuba la plastiki angavu, akiwa hajala tangu usiku na amejilaza kwa kitambo, asizungumze wala asisinzie. Aliye katika mashine huunganishiwa kifaa kwenye mipira yake ya hewa. Hutafutwa dakika 5 mfululizo ambazo vipimo havitikisiki zaidi ya asilimia 10, na muuguzi akija kumgeuza mgonjwa au kumvuta makohozi, tarakimu huruka, ikabidi kungoja upya. Hewa ikivuja pembeni mwa mpira wa kooni, kipimo ni batili. Oksijeni anayopewa ikizidi asilimia 60 pia hakiaminiki, maana hesabu hutegemea naitrojeni, ambayo mwili hauichukui wala hauitoi, na kadiri inavyobaki kidogo ndivyo kosa dogo linavyokuzwa.

Tuseme mgonjwa ametumia mililita 250 za oksijeni kwa dakika na kutoa mililita 200 za hewa ya ukaa. Kwa kanuni aliyoitoa Weir wa Glasgow mwaka 1949, lita za oksijeni huzidishwa kwa 3.941 na za hewa ya ukaa kwa 1.106, jumla ikazidishwa kwa dakika 1,440 za siku nzima: yapata kilokalori 1,740. Ukigawa 200 kwa 250 hupata 0.8, nayo ni habari nyingine yenye thamani, kwani anayechoma mafuta matupu huwa karibu na 0.7, anayechoma wanga huwa 1, na inapopita 1 kwa mgonjwa aliyetulia, hadhari, yamkini analishwa hata mwili unageuza wanga kuwa mafuta.

Lakini kipimo hueleza kinachoungua, hakiamuru kinachopasa kulishwa. Siku za mwanzo za maradhi makali mwili hujitengenezea sukari, usikome hata ukilishwa, ndiyo maana mwongozo wa wataalamu wa lishe wa Ulaya hushauri kutozidi asilimia 70 ya kipimo katika siku hizo, kisha kupandisha. Tena dawa ya usingizi ya propofoli huchanganywa katika mafuta yenye kilokalori 1.1 kwa mililita. Ikipita mililita 20 kwa saa, kwa siku moja mgonjwa amekwisha kupata 528 kabla ya tone la lishe, na anayesahau kuzitoa humlisha mara mbili.

Mashine za kalorimetria ni ghali, na hospitali nyingi hazinazo. Hapo aghalabu hutumika kilokalori 20 hadi 25 kwa kila kilo ya uzito. Ila mashine ya kupumulia ikiwa yaonyesha hewa ya ukaa anayotoa mgonjwa kwa dakika, mililita zake huzidishwa kwa 8.19, na kwa mgonjwa wetu wa 200 jibu ni 1,638: pungufu ya takriban 100, kwa kuwa kanuni hii hudhani uwiano wa hewa ya ukaa na oksijeni wa kila mtu ni 0.85, ila imetoka katika pumzi yake mwenyewe.